Kiwanja cha Suwaidi Kabla ya Treni

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Tanga sote wazima, na mama yako amepona mafua. Umeniuliza kama nakijua kituo cha treni unachopandia kila asubuhi hapo Suwaidi, Riyadh.

Nilipofanya kazi za ndani huko, palikuwa kiwanja kitupu chenye duka moja la mikate. Siku ya kwanza madam aliponituma mkate, nilipotea. Nikajisemea, "Leo nimekwisha."

Dereva mmoja Mswahili mwenzangu akanisikia. "Dada, nyumba yenu ikoje?"

"Ina mlango wa kijani."

Akatangulia, akabisha milango ya kijani mmoja mmoja. Wa sita akafungua madam, mkate umeshapoa.

Nilipoondoka, kiwanja kilishajaa maduka na mabasi. Ukimwona mgeni amesimama hapo kituoni, muulize anakokwenda. Mimi niliulizwa na babu yako.

Bibi yako,
Mwanaidi