Hatukuwa Tunazurura, Dada Kanana

Dada Kanana mpendwa,

Nakuandikia kwa karatasi niliyong'oa katikati ya daftari la Kendi, usinigombeze. Ni Jumapili mchana hapa mtaa wetu wa Dallas, Embu. Watu wa ploti wameenda kanisani, na mimi nimepakua githeri sahani tatu kabla ya kukumbuka. Ya tatu nimeifunika. Sijui namfunikia nani.

Ni mwezi wa tatu tangu tukupeleke kwenu Kianjai. Nataka nikuambie mambo ya Alhamisi iliyopita, maana sina mwingine wa kumwambia, lakini siwezi kuanzia Alhamisi. Lazima nianzie kwa lile neno.

Unakumbuka soko la Gakoromone, kule Meru? Nilikuwa na beseni la avokado na tumbo la miezi saba, nimekaa pembeni ya barabara kwa sababu sikuwa na nafasi sokoni. Wewe ulikuwa umesimama karibu na lango la gesti na sweta yako ya kijani, unatafuna njugu. Hatukuwa tunajuana. Kanjo, wale askari wa kaunti, wakaja wakatupakia sote kwa lori moja, avokado zangu zikabaki zikikanyagwa. Nililia. Uliniambia nilie polepole, mtoto anasikia.

Kesho yake kortini karani akatusomea makosa, na kumbe lilikuwa kosa moja kwa wote, wewe, mimi na mama mmoja muuza soksi. Kuzurura kwa nia mbaya. Wengine walikubali haraka ili waende nyumbani. Wewe ukainua mkono.

"Mheshimiwa, mimi sikuwa nazurura. Anayezurura anatembea hajui anakoenda. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pamoja, kazini."

Korti yote ikacheka. Hakimu akatazama chini kwa muda, nafikiri hata yeye alikuwa anajizuia, halafu akatuachilia na onyo. Kuanzia hapo ukawa mtu wangu. Kendi akizaliwa ni wewe ulikuwa nje ya mlango wa wodi, na jina ni wewe ulimpa. Ulisema kwa Kimeru ni mtu anayependwa, na mtoto ambaye hakuna baba wa kumngoja anafaa aanze na jina kama hilo.

Watu wanasema wewe ndiwe uliniingiza kwa hii kazi. Si kweli, na nataka ijulikane. Tulipohamia huku kwetu Embu ulinikatalia mwaka mzima. Ulinitafutia nyumba za kufua nguo, ukanichekea nikirudi na vidole vyeupe vya sabuni. Niliingia mwenyewe, nikijua, wakati kazi ya kufua iliisha na Kendi alikuwa mgonjwa wa kifua. Hukunihubiria. Ulinifundisha tu nikuachie kila mara jina la gesti na namba ya chumba, na nimwangalie mtu mikono kabla ya uso.

Halafu ukasikia kwa redio kwamba mwananchi yeyote anaweza kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, hata kama hana mkubwa anayemjua. Kila Jumatatu mchana ukaanza kuita wasichana chumbani kwetu, wanane wamebanana kitandani, Kendi akipita kwa magoti yao. Mimi nikafanywa mwandishi kwa sababu nilifika kidato cha pili. Tulikuwa tunaomba jambo dogo. Lile neno litolewe kwa sheria ya kaunti, mtu asikamatwe kwa kusimama, na akiumizwa aweze kwenda kwa polisi kama binadamu mwingine.

Niliandika kurasa tatu kwa mwandiko wangu mzuri. Ulipozisoma ulicheka hadi ukakaa chini. Kila mahali nilikuwa nimeandika "kuzulula". Sisi wa Embu hizo herufi mbili, r na l, zinatusumbua mdomoni, na siku hiyo zilinifuata hadi kwa kalamu.

"Mama Kendi," ukasema, "neno lenyewe hata kuliandika hatuwezi. Sasa tutashtakiwaje nalo?"

Kwa fomu ya sahihi kulikuwa na mahali pa jina, kitambulisho na kazi. Wote tuliandika biashara. Wewe ukaandika KUSIMAMA, kwa herufi kubwa. Mmoja wa wasichana akakuuliza kama unasimama kiti cha wadi tukupigie kura. Ukamwambia ukisimama utashinda asubuhi, wanaume wote watakupa kura wakiogopa utawasalimia kwa majina wakiwa na mabibi zao. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Ile sauti ya ukuta kugongwa, dada, siku hizi ningeifurahia.

Halafu mteja mmoja akakuumiza kwa chumba cha gesti, saa nane mchana. Tulienda kituoni pamoja, sitataja ni kituo gani, na afisa akauliza ulikuwa unafanya nini kwa hicho chumba. Ukamwambia ukweli, kama kawaida yako. Akaweka kalamu chini, bila ubaya, akasema ukiandikisha hayo utakuwa umejishtaki mwenyewe, afadhali uende nyumbani upumzike. Tukaenda nyumbani, ukapumzika. Ulikataa hospitali, ulisema huko pia wataanza na hilo swali. Siku ya nne uliniomba chai, na nilipogeuka na kikombe hukuwa unaihitaji tena.

Sasa kuna kitu sijawahi kukuambia. Kule Kianjai, tukikuzika, mchungaji alisema ulikuwa mfanyabiashara, watu wakaitikia. Baadaye mama yako alinishika mkono nyuma ya jikoni, akaniita mwari, kama mtoto wake, akaniuliza mimi na wewe tulikuwa tunafanya kazi gani huko Embu. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayejua na anangoja tu aambiwe. Nikamwambia tulikuwa tunauza avokado. Akaachilia mkono wangu. Wewe ulisema ukweli kwa hakimu, ukausema kwa polisi ukiwa unatoka damu, na mimi nikashindwa na mama mzee amevaa leso.

Basi, Alhamisi. Kamati ya bunge la kaunti ilikaa kwa ukumbi kusikiliza maombi ya wananchi. Sisi tulikuwa watano nyuma, tumevaa kama watu wa kwaya. Mbele niliona mwalimu wa Kendi amekuja na kikundi cha wazazi. Mzee mmoja akasimama akasema sisi tumeharibu mji, tupewe cherehani tutulie. Alipigiwa makofi.

Halafu mwenyekiti akasoma jina lako. Akasoma mara mbili. Wale wenzangu wakaangalia magoti yao. Mwenyekiti akasema kama mwenye ombi hayupo na hakuna wa kusimama kwa niaba yake, ombi linaondolewa, twende kwa lingine. Nikamwona karani akiinua kalamu kulikata. Zile kurasa zangu tatu, dada, zilizorekebishwa na kalamu yako nyekundu.

Sikujua nimeinuka hadi nikaona kichwa cha mwalimu kikigeuka.

"Nimesimama," nikasema. Ilitoka tu hivyo. "Mimi naitwa Mama Kendi. Kanana amekufa kwa sababu ya hilo neno tunaomba litolewe. Kazi yake ni ile ameandika hapo, na yangu ni hiyo hiyo."

Nilisoma kurasa zote. Nilipofika kwa kuzurura nilisimama kidogo, nikaweka ulimi mahali pake, nikalitamka vizuri. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga makofi pia. Mwenyekiti alisema ombi limepokewa na litapelekwa kwa bunge lote kupigiwa kura. Mjumbe mmoja alinifuata hadi mlangoni akaniambia chini chini ataliunga mkono, lakini nisimtaje. Nikamwambia awe tu na mkono siku hiyo, jina akae nalo.

Sasa hapa kwa ploti mama wa mlango wa pili anangoja nimalize kuchota maji bombani ndipo atoke. Salamu za asubuhi zimeisha. Wale wenzangu wanne hawajapita tangu siku hiyo, nafikiri wanaogopa kuonekana nami. Hiki kimya sikukitegemea. Lakini Ijumaa Kendi alirudi kutoka shuleni akaniambia, "Mama, mwalimu amesema ulisimama mbele ya watu wengi." Nikamuuliza mwalimu alisema hivyo kwa uso gani. Akafikiri sana, akasema, "Kwa uso wake tu." Nimekaa na hilo jibu siku mbili. Naliona ni zuri.

Kura haijapigwa. Inaweza kushindwa, na tukishindwa nitaandika tena, kurasa nne, sasa tahajia naijua. Jumamosi nampeleka Kendi Kianjai. Nitambebea mama yako avokado, beseni zima, kisha nimshike mkono pale nyuma ya jikoni na nimwambie sikuwahi kuziuza na wewe hata moja.

Lala, dada. Mahali pako sitapaacha wazi.

Mdogo wako,
Mama Kendi