Kabula Kagoma Kuinuka

Mwahija! Shika simu shoga!

Scola wetu! Mwalimu Scolastika, yule asiyeweza hata kukohoa mbele ya baba mkwe wake. Leo, mbele ya watu wote!

Si unajua wiki iliyopita aliwapeleka wanafunzi ziwani kuwaona heroe, wale ndege wa pinki wenye miguu mirefu? Akawaambia hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo wasiwafukuze wala kuwatega. Watoto wakaahidi. Kabula, binti yake, kaahidi kwa sauti kuliko wote.

Sasa leo hapa Mhunze kuna ngoma. Babu yake Kabula, huyo huyo baba mkwe wa Scola, manju wa ngoma mwenyewe, katokea na kofia ya manyoya ya pinki kichwa kizima. Kabula kapiga magoti vizuri. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu."

Mtoto hainuki!

"Babu, hayo manyoya uliyaokota?"

"Niokote? Nimewatega mwenyewe!" Mzee anacheka.

"Basi siinuki mpaka useme hutawatega tena."

Siinuki! Miaka minane, Mwahija! Ngoma zikanyamaza. Mzee akamgeukia Scola: "Mama Kabula, inua mtoto wako!"

Scola akamsogelea Kabula. Nikajua sasa anamvuta mtoto mkono. Wapi! Kapiga magoti kando yake. "Shikamoo baba. Hata mimi siinuki."

HATA MIMI SIINUKI!

Mpaka sasa wako chini vumbini, na mzee hajui aangalie wapi.

Naweka simu. Nami naenda kupiga magoti.