Tangi la Samaki Ndani ya Eda

Jumanne, 2 Septemba

Nimekwangua tena. Wembe wa tatu huu. Chumvi imegandia kiooni kama ukoko, haitoki bila siki. Waliokuwa na tangi hili walifugia samaki wa bahari. Athmani anataka wa maji matamu, basi chumvi yote itoke. Alianza yeye, siku mbili, akachoka. Nimelichukua mimi. Mwanamke anayekaa eda hatoki ovyo, na nimechoka kutazama kuta za ua.

Mavyaa, mamake Athmani, kapita na bilauri yake. "Mwanangu, si hilo ndilo lililokuachisha?" Ndilo.

Alhamisi, 4 Septemba

Niandike yalivyokuwa, nisije nikajidanganya. Ilikuwa katikati ya Julai, maji yamekatika wiki nzima. Nilimwambia mume wangu anunue pipa. Akarudi na sanduku la kioo kutoka hoteli iliyofungwa, limebebwa na rafiki zake wawili. Nikacheka mbele yao. Nikasema, haya, tutaoga na samaki. Akaniacha palepale. Talaka moja, kwa sauti ya mtu anayeita tuktuk. Kukaripiwa nilistahili. Talaka sikustahili.

Nakaa eda humuhumu, chumba cha mavyaa. Hedhi ya tatu ikianza, eda imekwisha. Kabla ya hapo Athmani akisema tu "nimekurejea", mimi ni mkewe, nitake nisitake. Mbili zimeshapita. Hesabu ninayo mimi peke yangu. Yeye haulizi.

Jumapili, 7 Septemba

Hasira. Mavyaa kaliosha tangi kwa sabuni ya unga, eti ananisaidia. Sabuni huua samaki. Nimesuuza mara kumi na mbili, vidole vimenyauka.

Jumatano, 10 Septemba

Matumbawe yaliyokuwa tangini nimeyatoa. Athmani alitaka yabaki, ni pambo. Nikamwambia yanatoa chokaa, samaki wa maji matamu hawaitaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akayabeba mwenyewe nje. Mazungumzo marefu kuliko yote tangu Julai, na yalikuwa ya mawe.

Namtaka. Aibu, lakini ndiyo kweli.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku mbaya. Athmani kalijaza tangi kulijaribu, kwa maji ya kisima. Kisima chetu chenyewe cha chumvi! Kazi ya wiki mbili bure. Halafu likavuja pembeni, mkeka ukalowa. Akanyanyua nyundo alivunje. Mtu huyu anatengeneza friji za watu kwa subira ya ajabu, akifika nyumbani anaiacha mlangoni na viatu.

Akaiweka nyundo chini. Akaomba wembe. Akakwangua gundi kuukuu, akapaka mpya mpaka adhuhuri. Sikumsifu.

Alhamisi, 18 Septemba

Gundi imekauka, halivuji. Nimelisuuza upya. Mkokoteni umeleta mitungi minane ya maji matamu. Yana dawa ya mferejini, nimeyaacha wazi yalale, dawa itoke. Athmani alitaka samaki leo hii, wale wadogo wa birika la msikiti. Nimemkataza. Tangi jipya liachwe wiki kadhaa, mashine ya hewa iwake, maji yazoee. Kaguna.

Siku zangu zimekaribia, naujua mwili wangu. Anafika mlangoni, anakohoa, anaondoka. Sema, mwanamume. Kuacha ulisema upesi.

Jumatatu, 22 Septemba

Imeanza alfajiri, kabla ya adhana. Nimelia chooni.

Saa nane mchana akaja ukumbini. Mamake yupo. Akasema huku akilitazama tangi: "Zuhura, nimekurejea." Mavyaa akapiga vigelegele. Nikanyamaza.

Kachelewa nusu siku. Nani angejua? Hakuna shahidi ila mimi. Alasiri mavyaa kanitandikia msala, na mimi siwezi kusali. Nikasema nimeshasali. Nimedanganya juu ya sala, mimi. Usiku nimesingizia kichwa, nimelala chumba kilekile cha mavyaa. Najichukia. Namchukia naye.

Jumanne, 23 Septemba

Nimesema, mbele ya mamake. "Athmani, umechelewa. Eda ilikwisha jana alfajiri."

Alikaa chini sakafuni. "Mbona jana hukuniambia?"

"Nilitamani isiwe kweli."

Mavyaa akauliza, "Sasa itakuwaje?" Nikamjibu kwamba mimi si mke wa mtu. Akinitaka, aje kwa kaka yangu kule Takaungu, aniombe, kwa mahari na mashahidi. Nikafunga nguo zangu. Mavyaa alinishika bega. Athmani alibeba begi langu mpaka njiani. Nikamkumbusha asitie samaki bado.

Jumapili, 28 Septemba

Takaungu. Kumetulia.

Athmani alikuja baada ya alasiri na ami yake. Nilikuwa jikoni nachekecha unga, nawasikia. Ami akaeleza, kaka akauliza yanayoulizwa. Athmani hakusema mengi. Kaka akamuuliza habari za samaki, kupoza maneno tu. Akasema hajatia.

Zamani, aliponiposa mara ya kwanza, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba, Mungu amrehemu, alikubali, nikaletewa habari na halua.

Leo kaka aliingia jikoni, akafunga mlango, akachuchumaa karibu yangu. "Zuhura, unamtaka?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia wanipe mpaka Ijumaa. Akatoka kuwaambia. Nikamsikia Athmani akisema, "Sawa, nitangoja."

Nikaendelea na unga.