Kitone Pembeni mwa Mstari

Jumatatu, 3 Machi
Nimepakua edita mpya ya kuandikia programu. Hatimaye! Ina debaga, chombo cha kusakia hitilafu, mle mle ndani. Unabofya pembeni mwa mstari, kinatokea kitone chekundu, na programu ikifika hapo inasimama, inakungoja. Unaona kila kitu kilichomo tumboni mwake. Miaka yote hii nimetafuta hitilafu kwa kupapasa tu!
Nimemtambia dada yangu pale mapokezini. Yeye hutumia programu yangu kutwa nzima kuitia wagonjwa kwenye skrini ya ukumbini. Akasema kwanza niiponye ile tabia ya kuita jina mara mbili, majigambo baadaye. Dada huyo! Ndiye aliyeniombea kazi hapa klinikini, na hasahau kunikumbusha.

Jumanne, 4 Machi
Sijui nianzie wapi.
Asubuhi niliiwinda ile hitilafu. Nikaweka kitone, programu ikasimama, jina la kike likajitokeza kwenye kidirisha. Nikadhani ni mojawapo ya majina niliyobuni ya majaribio. Nikaenda kunywa chai — kwa raha zangu.
Niliporudi, ukumbi umechafuka. Skrini imeganda, watu wanamfokea dada. Mwenye jina lile ni bibi wa watu, yuko pale, amekuja bila kula ili apimwe damu. Amesimama akangoja aitwe mpaka akaanguka.
Nilikuwa nimeiunganisha edita na programu halisi, siyo nakala ya majaribio! Nikakifuta kitone, majina yakaanza kuitwa mfululizo. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 5 Machi
Bibi amelazwa. Muuguzi anasema anaongea vizuri, ila nyonga imevunjika. Nyonga, jamani.
Mkuu wa kliniki akaita kikao. Nani kagusa mashine? Nilishafungua mdomo. Naapa nilishaufungua! Dada akaniwahi — huenda ni yeye, alibonyezabonyeza ilipochelewa. Hata hakunitazama.
Nikamfuata koridoni. Kumbe amejua tangu jana, aliponiona nakimbilia kompyuta. Akanikata kauli: nikifukuzwa kwa kosa kama hili, nani ataniajiri tena? Yeye ameshazoea kusemwa. Akaongeza nisimtie aibu mara mbili: yeye kusemwa, na mimi aliyeniombea kazi kufukuzwa.
Nikaenda zangu mezani. Laiti ningemsukuma pembeni nikarudi kikaoni.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kasimamishwa kazi. Sikula.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu amenishika bega mbele ya watu. Kasikia nilivyoikimbilia kompyuta; eti bila mimi na zana yangu mpya, skrini ingelala vile vile mpaka jioni. Anataka niwaonyeshe wote, leo hii, jinsi nilivyoinasa hitilafu upesi hivyo. Projekta imeshawashwa.
Dada alikuja kuchukua vitu vyake. Mkuu akamwambia, kwa upole kabisa, abaki kidogo apate kujifunza. Amekaa safu ya nyuma, mkoba mapajani. Mtoto wa yule bibi naye yupo, mtu mzima mwenye mvi, amealikwa aone tulivyolishughulikia jambo. Amenipa mikono yote miwili. Amenishukuru!
Naandika nimesimama, kama mtu anayejiandalia maelezo. Dada ananitazama, anatikisa kichwa taratibu — nisithubutu. Taa zimezimwa. Mkuu anauliza: haya, mwanangu, ilikuwaje