Viti vya Rangi ya Maziwa

Nyumbani, mezani jikoni,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa niaba ya wanangu ambao bado wanakoroma. U hali gani? Goti je? Nasikia huko baridi imeanza kuuma na ngazi za jengo lako zimegeuka adui. Tafadhali usishindane nazo. Panda taratibu, hakuna anayekufukuza. Sisi huku ni wazima, presha ya Mama imetulia, na mimi tangu jana nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Habari yenyewe ni hii: gari limefika! Jipya, Mama Mdogo. Si jipya kwetu tu, ni jipya kabisa, hakuna makalio ya mtu yaliyowahi kuligusa. Ukoo wetu mzima, tangu tuanze kumiliki magari, hatujawahi kupata ambalo halikuja na harufu ya sigara za mtu mwingine. Piga vigelegele hapo hapo ulipo, na jirani wa chini akigonga dari mwambie ni mambo ya kifamilia.

Lakini sikuandikii kujisifia gari. Nakuandikia kujisifia, ndiyo, sikatai, ila ni kwa ajili ya viti vyake, na kwa ajili ya dada yako.

Unatujua tulivyo. Mtaani wanatuita Ukoo wa Nailoni, na hawajakosea. Kochi la Mama lilifunikwa nailoni siku lilipoingia nyumbani na limezeeka humo humo ndani. Ukilikalia wakati wa joto unainuka kwa sauti. Friji ina kitambaa, na kitambaa nacho kina nailoni yake. Usinicheke, maana nina habari za uhakika kwamba rimoti yako bado imo kwenye mfuko wake. Kitunze kikutunze, ndivyo tulivyolelewa.

Nilikuwa nalicheka jambo hili mpaka Baba alipofariki. Siku ya msiba ndipo zile glasi za maua zilipotolewa kabatini kwa mara ya kwanza, zikanywewa na watu nisiowajua hata majina. Baba mwenyewe hakuwahi kunywa maji katika glasi zake. Jambo lile liliniingia rohoni likakaa. Nikajiapiza kwamba Mama, kabla hajafumba macho, atatumia kitu kipya kikiwa bado kipya, na mimi nitakuwepo nishuhudie. Basi gari nililiagiza kwa jina langu, lakini vita vilikuwa vya Mama.

Muuzaji alituita twende tukachague mapambo ya ndani ili waagize kiwandani. Tulikwenda watatu: mimi, Mama, na mume wangu Mwalimu. Mezani kwake alikuwa amepanga vipande vya mfano vya ngozi, vitambaa, mbao, alumini, na plastiki nyeusi inayong'aa kama kioo. Mama akavaa miwani, akaanza kuvipekua kama anayechagua nyanya sokoni, kila kimoja anakigeuza aone na mgongo wake.

Mwalimu aliipenda sana ile plastiki nyeusi, eti ndiyo ya kisasa, iwekwe kwenye dashibodi na milangoni. Alipoigusa, alama ya kidole gumba ikabaki pale pale. Mama akatoa leso, akafuta. Mwalimu akagusa tena kuhakikisha. Mama akafuta tena. Wakaendelea hivyo bila kusemezana, mkwe na mkwe, mpaka muuzaji mwenyewe akaichukua akaifungia kwenye droo.

Alumini niliikataa mimi. Inafanana mno na trei zetu za wodini, na mtu uliyetoka kuzalisha wenzako kutwa nzima hutaki kuonana nayo tena njiani. Tukabaki na mbao, ile isiyopakwa vanishi ya kung'aa, ambayo ukipitisha kidole unaisikia mistari ya mti. Hiyo hakuna aliyebisha. Hata Mwalimu aliisahau plastiki yake.

Kwenye viti ndipo tulipowashiana moto. Mama alishika kitambaa cha kijivu, kile cha giza kabisa, rangi ya wingu la mvua, akasema hiki hakionyeshi uchafu. Mwalimu akaunga mkono, si unajua mkwe mwema. Muuzaji naye akaunga mkono, wateja wengi huchukua hicho. Mimi nikauliza, jamani, uchafu gani huo, na gari lenyewe hata halijatengenezwa? Mama akanijibu kwamba uchafu haungoji mwaliko. Unamjua dada yako akishashika jambo.

Nilipandisha hasira, Mama Mdogo, sikufichi. Niliitoa ile sauti yangu ya kazini, ambayo hata madaktari huipisha. Nikamwambia: "Mama, weka uchafu kando. Tuseme hakuna vumbi duniani, hakuna watoto, hakuna viatu, hakuna matope. Wewe unapenda rangi gani?"

Akavitazama vile vipande, kisha akasema polepole, "Mbona sijawahi kuulizwa hivyo."

Na ni kweli. Mapazia yetu yalikuwa ya kuficha moshi, sare zetu zilikuwa za kuficha matope, na hata gauni lake la harusi, anasimulia mwenyewe, lilichaguliwa ili baadaye livaliwe kazini. Mkono wake ukaenda pembeni kabisa ya meza, kwenye ngozi ya rangi ya maziwa, ambayo muuzaji alikuwa ameshaisogeza mbali baada ya kusikia tuna watoto. Akaibonyeza kwa kidole, akaiachia, akaibonyeza tena.

"Hii," akasema. "Lakini msiichukue."

Tuliichukua! Niliweka sahihi kabla hajavua miwani. Njia nzima ya kurudi aliniita mwehu, na njia nzima alikuwa anatabasamu dirishani akidhani simwoni.

Sasa sikiliza upumbavu wetu. Siku gari lilipofika, nilikuwa na mkasi tayari kwenye pochi, maana nilijua magari mapya huja yamefunikwa. Kweli, viti vyote nailoni, usukani nailoni, mpaka vile vibao vya kuzuia jua. Mama uso ukamng'aa. Akasema watu wa kiwandani wamelelewa vizuri. Nikatoa mkasi wangu kwa madaha, nikashika kona ya nailoni, na haki ya Mungu, mkono ukagoma! Niliiona ile ngozi safi chini yake, nikawaza viatu vya wanangu, nikawaza mvua ya juzi, nikawaza yule wa mwisho na tabia yake ya kula embe kila mahali. Mkasi ukarudi pochini. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nimekubali. Tukaenda nyumbani tukiteleza kushoto na kulia, kwaru kwaru kila kona, watu wazima na akili zetu, juu ya rangi tuliyoigombania na ambayo hakuna aliyeweza kuiona vizuri.

Tukakaa hivyo wiki kadhaa. Wenzangu kazini wakaniuliza kama siku hizi nauza samaki, ndiyo maana nimefunika viti. Mwalimu akaanza kuwavua watoto viatu kabla ya kupanda. Na kila nilipomgusia Mama, jibu lilikuwa lile lile, nailoni itatoka siku atakapokuja mgeni wa kustahili. Siku moja nikachoka, nikamuuliza ni mgeni gani huyo, waziri? Akanitazama kama niliyemuuliza jina lake.

"Mdogo wangu," akasema. "Anakuja mwezi wa kumi na mbili. Yeye ndiye atakayekaa wa kwanza, tumpokee na kitu kipya."

Unaona mambo hayo? Alikuwa amekuwekea wewe. Vita nilianzisha mimi kwa ajili yake, yeye ushindi kakupelekea wewe.

Halafu Jumatano ukapiga simu kwamba daktari hajaliruhusu goti lipande ndege, labda mwakani. Sikulaumu hata chembe, na naomba usiilowanishe barua yangu kwa machozi, soma mpaka mwisho. Mama aliweka simu chini, akasema haya, Mungu akipenda, akaenda kukunja nguo. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nyumba ikapoa, hata hakumgombeza mtu, na wewe unajua hiyo si dalili nzuri.

Jana asubuhi natoka nje kumwaga maji, namkuta amesimama kando ya gari, mlango wa mbele wazi, mkasi wangu mkononi. Akaniuliza bila kugeuka, "Hivi mwakani mimi nitakuwa na umri gani?" Nikamwambia. Akauliza, "Na mdogo wangu?" Nikamwambia pia. Akaguna.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, na akauchomeka ule mkasi kwenye nailoni.

Roho yangu iliruka, maana ngozi yenyewe ilikuwa hapo chini, upana wa ukucha! Lakini mikono ile imeshona maisha yake yote. Aliukata mshono wa pembeni, akaushika kwa mikono miwili, akavuta. Ilipasuka kwa sauti ndefu, tamu, na kiti kikatokea cheupe kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Nami nikaingia nyuma nikaanza kurarua. Mwalimu alitoka mbio na mswaki mdomoni akidhani tunaibiwa. Watoto wakaja wakang'ang'ania ya usukani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, nailoni imetujaa miguuni.

Nikamuuliza, "Na mgeni je, Mama?"

Akasema, "Mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni akichelewa, mwenyeji ajiponye mwenyewe."

Akakaa. Mama Mdogo, dada yako alikaa kiti cha mbele, juu ya ngozi tupu ya rangi ya maziwa, na viatu vyake miguuni! Hakuvikung'uta. Akaegemea, akapitisha kiganja kwenye ile mbao ya mlango, akasema, "Haya, zungusha." Nikazungusha. Madirisha wazi, tumevaa nguo za nyumbani, Mwalimu nyuma bado na mswaki wake. Tulipita kila kichochoro, na Mama akanitaka nipunguze mwendo pale kwa yule fundi cherehani aliyetubandika jina la Nailoni. Akampungia mkono taratibu, kama malkia. Nilitamani uone! Nimeshazalisha mamia ya wanawake, lakini sijawahi kuona mtu akizaliwa akiwa na mvi.

Nikueleze na hili kwa haki, jioni yule wa mwisho alidondosha embe. Liliacha doa dogo pembeni ya kiti cha nyuma. Mimi nilipiga kelele. Mama aliligusa akasema litafutika, na lisipofutika tutajua lilikuwa embe tamu. Kochi la sebuleni bado limo ndani ya nailoni yake. Tusikimbilie miujiza.

Mwalimu anakuamkia kwa heshima zote na anasema ukija atakuonyesha jinsi taa za ndani zinavyobadilika. Watoto wanakusalimu, hasa yule wa embe. Nisalimie binamu yangu Mrefu na mkewe, na yule jirani mzee anayekuletea mkate mwambie tunamjua na tunamshukuru. Mungu alinyooshe goti lako, akupe usingizi mtamu na watu wa kucheka nao huko uliko, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mama amesimama nyuma yangu sasa hivi. Anataka niandike maneno yake kama yalivyo, nisiongeze langu. Anasema hivi:

"Mwambie mdogo wangu kiti chake kipo, ila hatakikuta kipya. Nitakuwa nakikalia mimi kila siku mpaka aje. Akija, nitampisha, akikute kina joto."

Ni mimi mwanao nikupendaye sana,
Mkunga wenu.