Mrija Nilioonja Mimi

Jumapili, 7 Juni 2009. Mutaho

Salamu nyingi sana. Ukimbizini, kambini Kibondo, nilijifunza kuandika kwa barua tu, bila salamu mkono hauendi. Basi daftari, pokea. Baba Happy, Leonardi wangu, mzima, analima na kikohozi chake. Moses mzima, jino moja la mbele limetoka, la pili linayumba. Mbuzi wawili wazima. Kuku – amebaki mmoja, tusiseme. Happy mwili mzima. Mimi Dorotea mzima, ila roho juu juu.

Ni huyo Happy, binti yetu. Tarehe 21 anatimiza miaka kumi na tano na kivuli chake bado cheusi!

Sisi upande wa mama ni Wapewa. Kivuli chetu ni kijani, kama jua limepita kwenye chupa ya bia. Zamani Wadogo, vile vijitu vya mabawa vya chemchemi ya Gasorwe, waliwapa bibi zetu nguvu, na mpaka leo kila mtoto wetu hupelekwa pale apewe yake. Mi nilipewa pumzi ya baridi. Napuliza uji, umepoa. Napuliza paji la mtoto, homa imeshuka. Leonardi si Mpewa. Husema: nilioa firiji, na umeme silipi.

Lakini Happy kazaliwa kambini, na Wadogo hawavuki mpaka. Miaka kumi na tano ikipita hawampi tena. Tena pombe ya kuwapelekea lazima iwe ya mtama aliolima mama mwenyewe. Mwaka jana tumerudi kwetu hatuna hata shina la mtama. Sasa mtama umeiva, pombe iko tayari mtungini. Keshokutwa safari!

Jumatano, 10 Juni. Gasorwe

Tumefika jana jioni. Kutoka Muyinga mjini mtungi umepanda baiskeli, mimi na Happy miguu. Nilikuwa naushika kila kilima. Mwenye baiskeli akaniuliza, mama, huyu mtoto wako wa udongo anaitwa nani? Happy akajifunika uso na kitenge.

Mama mkubwa Gaudensia ndiye mtunzaji wa chemchemi. Bado anawasha kuni kwa kidole. Alipomwona Happy – “Aka! Mrefu hivi, na kivuli iko ya kawaida? We Dorotea ulikuwa unangoja nini, aote ndevu?”

Happy akasema yeye hata hataki, ni mambo ya kizamani. Nilimfinya.

Alhamisi, 11 Juni

Wamekuja! Sikuwaona tangu niko mdogo. Urefu wa gunzi la mahindi, mabawa kama ya kumbikumbi. Wamekaa ukingoni mwa mtungi miguu ikining’inia, kama watu wa harusi. Bibi yao akachovya mkono ndani ya pombe, pombe ikang’aa. Sauti yake kama mbu sikioni: wa kwanza kunywa ndiye mwenye kupewa.

Nikachukua mrija nimpe Happy.

Na nikaonja.

Siandiki tena leo.

Ijumaa, 12 Juni

Ni mkono! Si mimi, ni mkono! Kwetu ukimpa mtu pombe bila kuonja kwanza ni kama kumwambia imo sumu, kufa. Nimeonja maisha yangu yote. Mama alionja, bibi alionja. Nani anampa mtoto wake kitu hajaonja?

Wadogo walicheka mpaka mmoja akatumbukia. Mama mkubwa hakucheka. Happy aliangalia chini, kwenye kivuli chake. Akasema, si kitu, mama.

Hataki kurudi na mimi. Anasema anabaki kusaidia kuvuna.

Jumapili, 14 Juni. Mutaho

Nimeijua ile nguvu niliyokunywa! Naambua maharagwe, namwaza Leonardi, mara nasikia sauti yake sikioni, safi: “Nazario, ongeza ya tatu.” Na Nazario anauza bia ng’ambo ya kilima!

Aliporudi nikamuuliza umekunywa ngapi. Moja. Nikamwambia tatu, na ya tatu umeomba mkopo. Akakaa chini. “Yesu wangu. Firiji na redio.”

Tulicheka sana. Moses naye anataka nimsikilize mwalimu, ajue kama kesho ni mtihani.

Jumatatu, 15 Juni

Leo sicheki. Asubuhi nikamwaza Happy. Yuko chemchemini, anafua. Anaongea na mbuzi wa mama mkubwa. Anamwambia, kambini walinicheka mimi Mrundi, huku wananicheka mimi wa kambini, na sasa hata kwa Wapewa mi si mtu. Mama amekunywa ya kwangu. Halafu akalia, akitumia maji mengi kufua ili asisikike.

Mi nikasikia. Ndiyo nguvu yenyewe aliyonyimwa, na mi naitumia kumchungulia yeye. Nimeona aibu kama nimefungua barua ya mtu.

Jumanne, 16 Juni

Nimesikia naitwa! “Dorotea, najua unasikiliza, we mdaku.” Mama mkubwa. Karibu nimwage maharagwe.

Kasema amewaomba Wadogo. Wamekubali, ila kwa masharti. Pombe imebaki robo mtungi. Happy anywe kwa mrija uleule – na mrija niko nao mimi, nilifungasha na vitu vyangu. Mimi nisiwepo, maana nikikaribia nitaonja tena! Na kabla ya tarehe 21.

Kisha akaongeza hili. Aliyepokea mara mbili hurudisha vyote viwili. Pumzi pia, mwanangu. Ukikubali, tuma mrija.

Jumatano, 17 Juni

Pumzi hii ndiyo iliyomlea Happy. Kambini alishikwa na malaria, dawa hakuna, nilipuliza siku mbili mpaka midomo ikapasuka. Moses je, akishikwa? Leonardi anasema siku hizi kituo cha afya kipo, na watoto wa wengine wanakua bila mama firiji. Kasema taratibu.

Alhamisi, 18 Juni

Leonardi ameondoka na mrija, nimeuzungushia kitenge changu kizuri. Nilimwambia usiulalie, usiuonje! Akasema, mke wangu, mi naonja ya chupa tu.

Nimepuliza kila kitu leo. Sufuria. Paji la Moses, na hana homa. Kuku. Moses akauliza, mama una nini? Nikasema joto.

Jumamosi, 20 Juni

Niko mlangoni na chai, daftari magotini. Nasikiliza, Mungu nisamehe, mara ya mwisho. Naandika huku nasikia.

Leonardi anakohoa. Mama mkubwa anamwambia nyamaza, Wadogo wamekaa. Happy anasema, na mama je? Ya kwake inaenda wapi? Leonardi anamwambia: mama yako amesema unywe. Happy anasema sitaki kumnyang’anya.

Kunywa, mwanangu! Nimepiga kelele hapa mlangoni, jirani amechungulia.

Mdogo mmoja anacheka, sauti ya mbu. Happy anasema, shika mkono wangu baba. Mrija unagusa ukingo wa mtungi, tik, halafu

Sisikii.

Namwaza Happy, hakuna. Leonardi, hakuna. Nasikia kuku tu na watoto wa jirani.

Nimepuliza chai, nikanywa. Nimeungua ulimi! Miaka thelathini na nane sijawahi kuungua. Kivuli changu kimelala hapa mlangoni, cheusi ti, kama cha mtu yeyote.

Basi imetoka kwangu. Imefika? Au ameuacha mrija bila kunywa?

Happy, kama imefika, wewe ndiye unanisikia sasa. Nasema kwa sauti, jirani wacha aangalie. Ukisikia, mwambie baba akimbie Muyinga apige simu kwa Nazario. Usingoje kuvuna. Leta habari upesi, mwanangu, upesi, mi niko hapahapa mlangoni na chai yangu ya moto.