Siku Uliyonisubiri Nje ya Bandari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo ni Jumatatu, mvua imekatika tangu alfajiri, nami nimekaa barazani kwako kwenye kile kiti ulichokuwa unakikataza kila mtu. Usinune. Nimekikalia kwa sababu nina jambo la kukueleza ambalo nilipaswa kukueleza ukiwa hai, nikakosa ujasiri. Ni kuhusu siku ile ulipotoka huku Uru ukaja hadi Tanga kuniona nikiwa kwenye meli, nami sikushuka. Nilikwambia wakubwa wamekataa. Ni kweli walikataa, lakini waliokataa walikuwa na sababu, na sababu yenyewe nilikuwa mimi.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana hukupenda mtu anayeingia nyumbani na kumwaga shida yake kabla hajanywa chai.

Unakumbuka siku niliyoleta habari ya kazi? Baba alikuwa hajafikisha hata miezi sita kaburini. Shangazi wote wawili walikuwa wamekuja, na wewe ulikuwa unamenya ndizi hapahapa barazani, mikono imejaa utomvu. Nikasema naacha mapokezi ya hoteli kule mjini, nimepata kazi kwenye meli ya watalii. Shangazi mdogo akauliza, "Meli? Ya samaki?" Ukacheka wewe wa kwanza. Kisha ukaniangalia usoni, ukaona sitanii.

"Yaani uache kazi hapo Moshi, uende kuwatandikia watu vitanda baharini?"

"Sitandiki vitanda, mama. Nitakaa mezani, niwaeleze wageni habari za bandari."

"Unazijua bandari wewe? Umezaliwa mlimani."

Nilijibu vibaya. Nilisema afadhali kutozijua bandari kuliko kuzeeka nikijua mtaro wa maji na migomba tu. Ukaweka kisu chini. "Nenda," ukasema. "Lakini ukiwa huko majini usiniite mama." Shangazi wakainamia vikombe vyao. Wiki hiyohiyo nikaondoka.

Baada ya hapo tukafanya kama kawaida ya nyumba yetu: hatukuligusa tena. Nilipiga simu kila Jumapili ukitoka kanisani, ukanipa habari za ng'ombe, za kahawa kuingiwa na ugonjwa, na za sare mpya ya kwaya ambayo ulidai imewafanya muonekane kama wauguzi. Nilikuita mama, ukaitika. Ila lile neno lilikuwepo, kama kokoto kwenye maharage. Kila mmoja alitafuna upande mwingine.

Hukuwahi kuniuliza kazi yenyewe ilikuwaje, nami nadhani uliogopa jibu. Meza yangu ilikuwa karibu na ngazi kubwa. Wageni walikuja na swali lilelile: "Kesho tushuke au tubaki?" Zipo bandari ambazo hawaulizi, wanashuka mbiombio. Na zipo zile zisizopendwa na mtu. Jua kali, wauzaji wa vinyago wanakuzonga, hakuna cha kupiga picha, na hapo melini bwawa la kuogelea liko wazi, chakula kinaiva mchana kutwa, viti viko vitupu kwa wanaobaki. Wenzangu wakongwe walinifundisha nisijitese. Bandari mbovu, waambie wapumzike. Nikajifunza haraka. Nilikuwa natabasamu na kusema, "Hapo hakuna kitu." Na nyingi kati ya hizo bandari, mama, sikuwahi kukanyaga hata ngazi zake. Niliambiwa na walioambiwa na wengine.

Ndipo Tanga ikaja kwenye ratiba. Siku nzima tungetia nanga kwenye nchi yangu mwenyewe. Nikakupigia, na kabla sijamaliza ukasema, "Nakuja." Hukuuliza umbali wala nauli. Ukasema utakuja na mdogo wangu Eliamani. Bosi wangu akanipa ruhusa ya saa nne nzima, na siku tatu nilifanya kazi nikiimba.

Katika siku hizohizo tatu, wageni walikuja mezani kuuliza habari za Tanga. Nami niliwaambia hakuna kitu.

Nisikilize, usikasirike kwanza. Ningeweza kusema ulikuwa mdomo uliozoea, na kweli ulikuwa umezoea. Lakini ilikuwepo na aibu. Niliwaza watu wale wakishuka, waone vumbi letu na kuta zetu zilizobanduka rangi, kisha warudi mezani kwangu kuninung'unikia usoni. Nikaona bora wabaki. Tena nilitaka mji ule uwe wetu, mimi na wewe, bila kamera zao. Bibi mmoja mwenye kofia nyeupe aliniuliza, "Ungekuwa mimi, ungeshuka?" Nikamwambia ningepumzika. Akaniangalia juu ya miwani yake. "Nimepumzika wiki nzima, binti. Mimi na mzee wangu tutashuka."

Usiku wa kuamkia siku hiyo, tangazo likasomwa kwenye vipaza sauti. Waliojiandikisha kushuka ni wachache mno, kwa hiyo meli itasimama kwa saa mbili tu, na wafanyakazi wote wabaki ndani ili tuondoke bila kuchelewa. Bosi akapita mezani akanigusa bega. "Pole. Ruhusa yako imekufa." Nilikuwa nimeshika karatasi ya majina, na majina yalikuwa mawili matatu. Hakuna aliyenilaumu kwa sababu hakuna aliyejua. Ningeweza kumfuata bosi nimweleze yote. Nilikwenda kulala.

Kesho yake nilisimama juu kabisa ya meli. Geti la bandari lilionekana kwa mbali, na watu nje yake, wadogo sana. Sikuweza kujua yupi ni wewe. Nikapiga simu.

"Mama, wametukatalia kushuka."

"Nani kakataa?"

"Wakubwa wa meli."

"Hao wakubwa hawana mama?"

"Ndiyo kazi, mama."

"Haya. Basi punga mkono nikuone."

Nikapunga mikono yote miwili, nikaruka kama mtoto. Ukasema, "Nimekuona! Umependeza na hiyo nyekundu." Nilikuwa nimevaa nyeupe, mama. Sote tulivaa nyeupe. Nikasema asante.

Nilirudi mkataba ulipoisha, ukanichinjia kuku. Nilikuwa na nafasi mia moja za kusema. Ulipowasimulia majirani habari za meli yenye roho mbaya, nilikwenda jikoni kutazama moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Ulipougua, nilikuwa nakuosha miguu kila jioni, nikasema moyoni, leo. Sikusema. Mwaka juzi tukakulaza nyuma ya nyumba, pembeni ya baba, nikajua nimebaki nalo.

Meli niliiacha. Siku hizi napokea wageni hapahapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, wanakuja kuona kahawa inavyotwangwa na kukaangwa. Gari linasimama juu barabarani, na kila mara yupo mmoja asiyetaka kushuka. Amechoka na mlima, au ameona matope. Dereva huniambia nimwache. Simwachi. Nakwenda dirishani mwenyewe, namwambia sijui kama atapenda, ila ashuke ajionee. Wengine wanashuka, wanateleza, wananichukia. Mmoja alisema kahawa yetu ni chungu. Sisemi kila mahali pana uzuri, mama. Nasema tu kwamba ambaye hajashuka hana haki ya kutamka kwamba hakuna kitu, na mimi nililipwa mshahara kutamka hivyo.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuungamia. Ningekuwa nimeishia hapa, kama si mambo ya juzi Jumamosi.

Tulikuwa na Eliamani tunapunguza masale yaliyozunguka kaburi lako. Yamestawi mno, yalikuwa yanakuzibia jua. Eliamani akashika jani moja, akaliangalia, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari: "Hivi dada, mama alishawahi kukwambia kuhusu isale la Tanga?"

Nikaweka panga chini.

Unajua mwenyewe isale kwetu ni nini. Aliyekosa hulichuma jani hilo, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata awe na uchungu kiasi gani. Ila nimekua nikiona watoto wakiwapelekea wazazi. Sikuwahi kuona kinyume chake.

Eliamani anasema asubuhi ya safari, siku moja kabla ya meli kufika, ulichuma isale kaburini kwa baba, ukalifunga ndani ya kitambaa kibichi, ukaliweka kwenye kikapu juu ya sufuria ya kiburu, zile ndizi zetu zilizopondwa na maharage, na maparachichi. Akakuuliza la nini. Ukasema, "Nilimwambia mtoto neno baya." Akashangaa, mzazi ampelekee mtoto isale? Ukamjibu, "Anayepeleka ni aliyekosa. Mambo ya umri umeyatoa wapi?"

Anasema ulisimama getini tangu asubuhi ukiwa na picha yangu mkononi, unamsihi askari aniite. Ndipo wakatoka wageni wawili wazee, mmoja na kofia nyeupe. Yule bibi akaitazama picha, akamsemesha dereva aliyewapokea, naye dereva akakutafsiria: "Mama, anasema wafanyakazi wamezuiwa kwa sababu walioshuka ni wachache, na huyu ndiye binti aliyewaambia wasishuke. Eti hapa hakuna kitu."

Eliamani alichemka. Wewe ulicheka mpaka ukashika uzio. Ukasema, "Basi hakudanganya. Nimesimama hapa tangu asubuhi sijaona kitu. Nilichokuja kukiona kimo humo melini." Kisha ukawakalisha wale wazee kwenye benchi la askari, ukafungua sufuria, ukawapakulia kiburu. Walikula wakamaliza, mama. Wao walishuka, wakala kiburu changu.

Baada ya hapo ndipo nilipopiga simu.

Kwa hiyo ulikuwa unajua. Uliponiuliza nani kakataa, ulijua. Na miaka yote ulipokuwa unaisema vibaya meli mbele za majirani, nami nakimbilia jikoni, ulijua nakimbia nini. Jumamosi nililia kwa hasira kwanza. Nilikukasirikia kweli, kwamba uliniacha nibebe gogo ambalo wewe ulishalitua siku ileile. Halafu hasira ikaisha, nikabaki nacheka na kulia pamoja, Eliamani ananiangalia kama nimepagawa. Leo nimetulia. Nina huzuni, lakini ni huzuni ninayoweza kukaa nayo na kunywa nayo chai.

Nilimuuliza Eliamani isale lilikwenda wapi. Akasema meli ilipoanza kuondoka ulilitoa kwenye kitambaa, ukalifunga kwenye uzio wa bandari kwa mafundo mawili, ukakaza.

Nikaokota panga. Nilitaka kuchuma la kwangu, nilifunge, nikuwekee hapo juu ya kaburi, kwa ajili ya maneno niliyokujibu barazani, na ya Tanga, na ya miaka niliyonyamaza. Eliamani akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Hata mimi nilimuuliza siku ile, dada naye la kwake ataleta lini? Mama akasema, la nini tena? Hili linatutosha wote wawili."

Pumzika, mama, pamoja na baba. Jani lako nimelipokea.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza.